Anapoanguka, Roho Yake Inakwenda Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Nanyala asubuhi, nimevaa viatu vyeupe ambavyo mama yangu alikuwa amevipaka chokaa mpaka vikaacha alama kila nilipokanyaga. Kituo cha afya kilikuwa kando ya barabara kuu, na malori ya kwenda mpakani yalipopita vioo vya madirisha vilitetemeka. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Mbeya. Songwe lilikuwa jina la mto tu.

Nilikuwa sijamaliza kusaini kitabu cha mahudhurio, mara nje kukawa na kishindo. Mwanaume mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi la wagonjwa, mwili umekakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Watu walikimbia, wengine wakaziba pua. Mimi, nesi mpya mwenye cheti, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alitoka chumbani kwake kalamu ikiwa mdomoni. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha yule mtu. Akamgeuza ubavu ili mate yatoke. Kisha akaangalia saa yake ya mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

"Njoo hapa, binti," aliniambia bila kugeuka. "Umesoma uuguzi miaka mingapi?"

"Mitatu, daktari."

"Na katika hiyo mitatu, mwaka gani walikufundisha kukimbia?"

Akaniambia nipige magoti nimshike yule mtu mkono, si kumbana, kumshika tu, ili akizinduka akute kuna mtu. Mate yalinidondokea kwenye kiganja. Siku hiyo nilinawa mikono mara nyingi sana, na kila nilipokwenda bombani nilimwona Mganga Mfawidhi akinitazama kupitia dirishani.

Lazima niseme ukweli, kwa kuwa vijana wa siku hizi mnadhani sisi wa zamani tulizaliwa tukijua. Nimekulia vilima vya Ileje. Kwetu mtu mwenye kifafa alikuwa na sahani yake na kikombe chake, na akianguka hakuguswa, maana povu lake liliaminika kuambukiza. Chuoni nilijibu mtihani kwamba kifafa hakiambukizi, nikapata alama zote. Mikono yangu haikuwa imefanya mtihani huo.

Mganga Mfawidhi hakuwa daktari wa chuo kikuu. Alikuwa mganga msaidizi aliyepanda ngazi moja moja, mtu mwembamba aliyependa kusoma kuliko kula. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu alilolijaza kwa mkono tangu ujana wake, na kila tulipokunywa chai saa nne alitusomea kidogo. Wenzangu walisinzia. Mimi nilinukuu.

Siku moja alitoka kwa mchinja nguruwe na kichwa cha nguruwe ambacho afisa mifugo alikuwa amekikataa kisiuzwe. Alikipasua nyuma ya jiko la kituo kwa msumeno wa seremala, akatuita. Ndani ya ubongo, kwenye ile nyama laini ya kijivu, kulikuwa na punje nyeupe zilizotapakaa kama mchele uliomwagika.

"Haya ni mabuu ya tegu," alisema. "Yakikaa kichwani mwa mtu, ubongo unakwaruzwa, na mtu anaanguka. Hapa kwetu ndicho chanzo kimojawapo kikubwa cha kifafa. Lakini sikilizeni vizuri. Anayekula nyama yenye punje hizi bila kuiva anapata mnyoo tumboni. Mnyoo huo unataga mayai, mayai yanatoka na choo. Anayekula mayai hayo, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, ndiye anayepata punje kichwani. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote, akaugua kwa sababu ya choo cha jirani."

Halafu, akiwa bado ameushika ule ubongo kiganjani, akaanza habari zake za kale. Alisema Wamisri walipokausha maiti za wafalme wao, waliuvuta ubongo kwa kulabu kupitia puani, wakautupa. Moyo waliuacha mahali pake, kwa kuwa waliamini ndio utakaopimwa siku ya hukumu.

"Hawakuwa na akili," nilisema.

Mganga Mfawidhi alinigeukia. "Wewe ukihuzunika unasema nini? Unasema ubongo umeniuma? Unasema moyo. Ukimtuliza mtu unamtia moyo. Mtu mchoyo ana roho mbaya. Kiswahili chako chote bado kinaishi Misri, binti."

Aliendelea hivyo kwa miezi, leo hili, kesho lile. Alitusimulia juu ya tabibu wa Uyunani aliyeandika kwamba kifafa hakiletwi na miungu, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na chanzo chake kimo kichwani. Huyo alipatia, ingawa alidhani kinachosumbua ni makohozi. Baadaye akaja msomi mwingine wa nchi ile ile, mwenye jina kubwa kuliko la tabibu, akarudisha fikra zote moyoni na kusema kazi ya ubongo ni kupoza damu. Watu wakamfuata huyo mkubwa kwa karne nyingi. Halafu ukaja mji wa Roma, na tabibu aliyewahi kutibu wapiganaji wa panga. Yeye alimfunga nguruwe mbele ya watu, nguruwe akapiga kelele, akamkata mshipa mdogo wa fahamu shingoni. Nguruwe aliendelea kujitupa, lakini sauti haikutoka tena. Wale waliokuwa wakiamini sauti na fikra hutoka moyoni walitazamana. Na hata huyo tabibu bado alifundisha kwamba ndani ya mashimo ya ubongo kuna pumzi laini inayobeba uhai.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya Mfaransa mmoja aliyetafuta mahali hasa ambapo roho inakutana na mwili. Alichagua tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo katikati ya ubongo. Sababu yake ni kwamba vitu vingi kichwani viko viwili viwili, kulia na kushoto, na tezi ile ni moja tu. Tulicheka sana siku ile, chai ikatupalia.

Niliyanukuu yote. Nilichojifunza kutoka humo kilikuwa kimoja: kwamba watu wote hao walikosea, na sisi tumepata. Kosa hilo nililibeba kutoka Nanyala kama mtu anavyobeba barua ya kupandishwa cheo.

Baada ya miaka michache nilipelekwa kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili, nikarudi na cheti cha pili. Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye alikuwa mkubwa wa waganga wote wa wilaya yetu, aliniita ofisini Vwawa. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Utakwenda Kamsamba," alisema. "Kule bondeni wagonjwa wa kifafa wamefichwa ndani. Wapo wengi. Watoe."

Ndiyo maelekezo yote niliyopewa. Kushuka Kamsamba kutoka nyanda za juu ni kama kushuka kwenye tanuri. Unaacha kahawa na ukungu, unakuta mpunga, ng'ombe, na joto linalokulaza mchana hata kama hutaki. Nililia wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikachagua siku ya Alhamisi kuwa ya kliniki ya kifafa, nikazunguka vijiji kwa baiskeli kutangaza. Alhamisi ya kwanza walikuja watu wanne. Baada ya mwaka benchi halikutosha, wengine walikaa kwenye majani.

Dawa yetu ilikuwa fenobabito, vidonge vidogo vyeupe. Si dawa ya kifahari. Inaleta usingizi, na sharti lake ni moja ambalo nililirudia mpaka koo likakauka: usiiache ghafla. Ubongo ukishaizoea, ukiikata siku moja, kifafa kinarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Wa kupunguza ni mganga, kidogo kidogo.

Miongoni mwa waliokuja alikuwepo mjane mmoja mkulima, Mama Sekela, na binti yake. Sekela alikuwa na miaka kumi na minane. Aliachishwa shule darasa la tano kwa sababu alianguka darasani na wenzake wakagoma kukaa naye dawati moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kuanzia kiwiko hadi vidole, alikoungua siku alipoangukia mafiga. Alikuwa na tabia ya kuuficha ndani ya khanga, na alizungumza akiwa ameinamisha uso.

Dawa ilimkubali Sekela kama mvua inavyokubali shamba. Mwezi wa kwanza alianguka mara moja. Kisha ikapita miezi mitano mizima bila kuanguka. Alianza kuteka maji mwenyewe. Akajiunga na kwaya ya kanisa lao. Alhamisi moja alinyoosha mkono wake wa kovu kupokea dawa, mbele za watu, wala hakuukumbuka. Niliona. Nadhani ndiyo furaha kubwa kuliko zote nilizopata katika kazi hii, na ilikuwa ya nusu dakika.

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, Mama Sekela alikuja peke yake kuchukua vidonge. Binti alikuwa shambani. Joto lilikuwa kali, foleni ndefu, na tangu asubuhi nilikuwa sijaweka kitu mdomoni. Nilimhesabia vidonge, akavipokea, lakini hakuondoka.

"Nesi, nina swali."

"Sema, mama."

"Zile dakika anapoanguka. Namwita jina lake, haitiki. Macho yako wazi, lakini yeye hayumo. Halafu anarudi, na mimi naona kabisa kwamba amerudi. Nimejiuliza miaka yote hii." Alishusha sauti. "Anapoanguka, roho yake inakwenda wapi?"

Ningeweza kujibu kwa namna nyingi. Nilikuwa na daftari zima la majibu ya watu wa kale kwa swali hilo hilo. Nilichomjibu ni hiki:

"Mama, hakuna roho inayokwenda popote. Ni umeme wa ubongo umevurugika. Hayo mambo ya roho waachie waganga wa kienyeji."

"Kwa hiyo roho haimo?"

"Mimi nimeuona ubongo kwa macho yangu. Roho sijaiona humo."

Watu kwenye benchi walicheka. Nakiri nami nilitabasamu, kwa kuwa nilijiona nimesema jambo la kisomi. Mama Sekela alifunga vidonge kwenye pindo la khanga, akasema, "Asante, nesi," akainama kidogo kwa adabu kama kawaida yake, akaondoka.

Hakuonekana kwa miezi miwili. Nilijaza kwenye rejista neno "hakufika", mwezi wa kwanza na mwezi wa pili. Baiskeli ilikuwepo. Kijiji chao hakikuwa mbali. Nilijiambia nitakwenda kazi ikipungua.

Habari ililetwa na mwanamke wa kijiji kimoja nao aliyekuja kuchomwa sindano. Sekela amefariki. Alikuwa akipandikiza mpunga na wenzake, jua likiwa utosini. Akaanguka kifudifudi kwenye jaruba. Maji yenyewe, alisema yule mwanamke, hayakufika kwenye kifundo cha mguu. Watu walikuwepo, wengine hatua kumi tu kutoka kwake. Waliogopa kumgusa mpaka povu liishe.

Nilikwenda msibani kwa miguu, ingawa baiskeli ilikuwepo. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kufika haraka.

Njiani nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu. Mchungaji wao alikuwa mtu wa maombi marefu, na niliamini ndiye aliyemwachisha Sekela dawa. Baada ya maziko nilimfuata kando ya ukuta wa kanisa.

"Baba Mchungaji, kwa nini ulimkataza yule binti dawa?"

Alikuwa mzee, macho yamevimba kwa kulia. Hakukasirika. "Sikumkataza, nesi. Mama yake alinijia akasema hospitali wamemwambia binti yake hana roho. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli, anayo. Hilo ndilo swali aliloniuliza, na hilo ndilo nililojibu. Habari za dawa hakuniambia. Laiti angeniambia."

Nilimwacha pale ukutani nikarudi msibani. Nikaingia ndani kwa Mama Sekela. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Nilipiga magoti mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilimwachisha mimi," alisema. "Niliona kama watu wanaotoa dawa hawaijui roho yake, basi dawa yao itaiua bila wao kujua. Kama mtu anayepalilia shamba asilojua limepandwa nini." Kisha akaongeza, "Ulisema usiache ghafla. Nilisikia. Nilidhani maneno yako yote ni ya namna moja."

Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wengi katika miaka yangu ya kazi. Hakuna aliyeniambia neno zito kama hilo, na yule mama hakuwa hata akinikaripia.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda hadi Nanyala. Mganga Mfawidhi alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, nywele zote nyeupe. Nilimsimulia yote, nikamwambia nataka kuacha kazi. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kile kiti chake chenye mguu uliofungwa waya. Nilipomaliza, lori moja likapita, na la pili.

"Nilikufundisha vibaya," alisema hatimaye.

"Hapana, mzee. Ni mimi."

"Nisikilize. Niliwasomea habari za wale watu wa kale kama orodha ya wajinga. Tukacheka. Mmoja na pumzi yake, mwingine na njegere yake. Lakini walikuwa wakiuliza swali la yule mama. Wote. Walimwona mtu yupo, kisha wakamwona hayupo na mwili bado uko pale, wakashindwa kulala. Hawakuwa wajinga, Tabita. Walikuwa kama Mama Sekela, ila wao walikuwa na karatasi."

"Na jibu ni lipi, mzee?"

"Sijui," alisema. "Mimi najua dozi."

Kisha akaniambia nilichopaswa kumwambia yule mama. Nilikinukuu hapo hapo, na nimekitumia tangu siku ile. "Ungesema: Mama, roho ya mwanao mimi sijui inakwenda wapi, nami siigusi. Ubongo wake naujua kidogo, na dawa hii ni ya ubongo. Wewe endelea kumwita jina lake, na mimi niendelee kumpa dawa."

Hakunikubalia kuacha kazi. Alisema kama kila aliyeua kwa mdomo angeacha kazi, hospitali zingebaki na wapishi. Lilikuwa neno kali, na nilirudi nalo Kamsamba.

Nilimfuata Mchungaji nikamwomba nafasi baada ya ibada. Alinipa. Nilisimama mbele ya waumini nikawaeleza mambo ya tegu na choo, kunawa, na kuivisha nyama. Nikawaambia kwamba povu ni mate tu, halina ugonjwa. Walinisikiliza kwa heshima, na niliona wazi kwamba hawaamini hata neno moja. Ndipo Mama Sekela aliposimama kutoka benchi la wanawake. Msiba ulikuwa haujatimiza miezi mitatu.

"Mtu akianguka, mshikeni," alisema. "Mimi nilimshika wangu miaka kumi na minne. Nilimfuta mate kwa hii khanga. Mimi nimewahi kuanguka? Kuna aliyewahi kuniona naanguka?" Aliwatazama benchi baada ya benchi. "Basi mshikeni," alisema, akakaa.

Nilijifunza siku ile kwamba elimu ya chuo bila mtu wa kuisimamia ni kama mbegu juu ya mwamba. Tangu hapo Mchungaji alitangaza Alhamisi zangu pamoja na matangazo ya kanisa, na Mama Sekela akawa anawaleta watu mwenyewe, wengine akiwashika mkono kutoka vijiji vya mbali. Hatukuwa marafiki. Hakuwahi kunikaribisha kwake, nami sikuwahi kutarajia. Alifika, akasema, "Nesi, nimekuletea mtu," akasubiri mpaka mtu yule apate dawa, wakaondoka wote.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kulikuwa na Alhamisi ambazo makopo ya dawa yalikuwa matupu, na nilisimama mbele ya watu waliotembea tangu alfajiri nikawaambia warudi wiki ijayo. Watu wale wale niliowaonya wasiache dawa ghafla. Niliandika barua, nikaambiwa maombi yamepokelewa. Baadhi ya wagonjwa niliwazika. Unapofanya kazi hii miaka mingi, uchovu hautokani na wingi wa wagonjwa. Unatokana na kusema jambo moja, kwa sauti ile ile ya upole, mwaka hata mwaka, kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza kulisikia.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia Tunduma, mji usiolala wala kunyamaza, wenye malori mengi kwenye foleni kuliko watu. Mkoa wa Songwe ulikuwa mpya na wakubwa walikuwa vijana. Muuguzi Mkuu wangu wa mwisho alikuwa na umri wa binti yangu mdogo, akanifundisha kwa uvumilivu jinsi ya kujaza taarifa kwenye kishikwambi. Wagonjwa walitoka pande zote mbili za mpaka. Wenye uwezo walikwenda Mbeya kupigwa picha ya kichwa, wakaniletea filamu, nami nikaziinua dirishani kwenye mwanga. Zile punje zilikuwa pale, vidoa vyeupe, safari hii ndani ya kichwa cha mtu aliye hai aliyekaa mbele yangu akinitazama usoni.

Mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, mfanyabiashara, alimleta mumewe. Mwanaume alianguka pale pale chumbani. Wakati namlaza ubavu, yule mama aliniuliza kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiswahili, "Sasa hivi umupashi wake uko wapi?" Umupashi ni roho. Muuguzi kijana aliyekuwa nami alikaribia kucheka. Nilimtazama, akaacha. Kisha nikajibu kama nilivyofundishwa Nanyala, kwamba roho siigusi, aendelee kumwita jina lake. Akapiga magoti akamwita, mara nyingi, mpaka alipozinduka.

Nilistaafu siku ya kawaida ya kazi. Kulikuwa na soda, hotuba mbili, na kitenge. Wenzangu walitarajia nilie, lakini nilikuwa nimechoka mno kulia. Nilirudi Ileje nikitaka kulala mwaka mzima.

Sikupata huo mwaka. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa hesabu na wa kusahihisha Kiswahili cha watu hata msibani. Miezi minane baada ya mimi kustaafu alipata kiharusi, mshipa wa damu uliziba kichwani. Daktari kijana alinionyesha picha. Upande wa kushoto kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa yai la kuku. Nilijua kabla hajaniambia: hapo ndipo maneno yake yalipokuwa. Tangu siku hiyo Mwalimu hasemi. Anakula ukimlisha. Jina langu halijui, au analijua na njia ya kulitoa imekatika. Watoto wetu wakipiga simu namwekea sikioni, anasikiliza, au pengine anahisi tu ubaridi wa simu.

Sasa niko upande ule mwingine wa meza. Nimesimama pale alipokuwa amesimama mama wa Kamsamba, na daftari langu lote la Wamisri na Wayunani halinisaidii kitu saa nne asubuhi ninapomwogesha. Najua ni sehemu gani imekufa na ni sehemu gani inaishi. Ningeweza kuichora. Kuna siku namtazama machoni kwa muda mrefu mpaka chakula kinapoa, natafuta, kisha najikaripia na kuendelea kumlisha. Sina jibu la kuwaachia ninyi mnaoanza kazi hii, na ningekuwa nalo nisingelificha. Nina dozi, nina namna ya kumlaza mtu ubavu, na nina majuto yangu, ambayo nimeyaeleza ili msiyarudie.

Jana asubuhi nilikuwa nimemtoa barazani kwenye jua, namvalisha shati. Mwanamke wa jirani, ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la tatu na ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kijijini na hakujua habari za kiharusi, alipita njiani akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Ukuta wa maua ulimficha Mwalimu, hakumwona.

"Hodi, mama," alisema. "Shikamoo. Mwalimu yupo?"

Ni swali ambalo watu wameuliza mlangoni kwetu miaka yote. Nilishika kifungo cha shati lake cha tatu, nikakaa nacho vidoleni.

"Yupo," nilimwambia. "Tua mzigo, uje umsalimie."